Mtoto Akikoroma Tangu Kuzaliwa, Msimkate Kimeo

Huenda umewahi kumsikia mtoto mchanga akitoa mlio kila anapovuta pumzi, kama mtu anayekoroma, hali yeye yu macho. Vijijini wengi husema ni kimeo, na mtoto hupelekwa kwa mkataji.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho, hata wewe. Mlio huo hautoki hapo. Watoto wachache huzaliwa na kifuko chenye majimaji kwenye shina la ulimi, karibu na mlango wa njia ya pumzi. Mfereji wa tezi ndogo ya ute huziba, ute ukakosa pa kutokea, kifuko kikavimba. Si kosa la mama wala si jicho la mtu. Ukikata kimeo, kifuko kinabaki pale pale, na mtoto ambaye tayari anahangaika kupumua sasa anavuja damu kooni. Wembe mchafu nao huleta pepopunda.

Utakitambuaje? Mafua huja yakapita. Mlio huu huendelea wiki hata wiki. Huzidi mtoto akilala chali na anaponyonya. Huacha titi mara kwa mara apate pumzi, hupaliwa, kilio chake ni hafifu, na kadi ya kliniki inaonyesha uzito haupandi.

Ni kweli kwamba wengi wa watoto wenye mlio wana koo laini tu, ambalo hukomaa lenyewe, kwa kawaida kabla ya miaka 2. Lakini kwa sikio huwezi kutofautisha. Hata mimi hapa zahanati sina chombo cha kutazama huko ndani. Kazi yangu ni kumpeleka mtoto hospitali kubwa, ambako daktari humtazama koo kwa chombo maalumu, na akikikuta kifuko hukiondoa kwa upasuaji.

Usingoje asubuhi ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu, midomo inageuka buluu, mtoto hawezi kunyonya, au, kwa mtoto chini ya miezi 2, anavuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika nzima akiwa ametulia.

Njiani mpakate katika mkao anaopumua kwa nafuu. Usimfunike uso kwa kanga, wala usimmiminie uji au dawa ya mitishamba. Na ukifika, mweleze mganga mlio ulianza siku ya ngapi tangu azaliwe.