Wanga, Insulini na Uzito wa Mwili: Maelezo kwa Mlaji wa Jipe na Upare

Mtu anayeanza kuchoma insulini huweza kunenepa katika miezi michache, naye akadhani kwamba dawa inamharibu. Sababu ni nyingine. Kabla ya tiba, sukari ilipotea kwenye mkojo, na mwili uliokosa nishati ukayeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Tiba ikianza, chakula kilekile alichozoea sasa hubaki mwilini.

Kupunguza sindano ili kukonda ni hatari kuliko unene wenyewe. Katika kisukari aina ya kwanza kongosho karibu haitoi insulini kabisa. Ikikosekana, damu hujaa tindikali ziitwazo ketoni, na mgonjwa huweza kufariki katika siku chache. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa binadamu, hata walionyimwa wanga hawakupona. Mchuuzi wa gulioni akikuambia kwamba mizizi yake inatosha badala ya sindano, mpite.

Kinachoweza kurekebishwa ni sahani. Perege wa Ziwa Jipe hana wanga. Kinachomnenepesha mlaji ni mafuta ya kukaangia, ambayo kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 hivi. Samaki achemshwe au achomwe. Makande hupandisha sukari taratibu kuliko wali mtupu kwa sababu ya maharage, lakini mahindi yake nayo yahesabiwe.

Kwa ugali, pima unga kabla ya kusonga, kwa kuwa maji hubadili ukubwa wa bonge bila kubadili wanga. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga gramu 75 hivi. Gawanya kwa idadi ya walaji. Tunajua kwamba kwenye sinia la pamoja hesabu hii ni ngumu. Mgonjwa atengewe sahani yake, asitengwe mkekani.

Katika soda, soma lebo hadi mwisho. Ikitaja sukari gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35.

Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari majini, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Wengi huendelea kula mpaka kutetemeka kukome, na hapo uzito huongezeka. Sukari ikishuka mara kwa mara, hasa siku za kulima au kupanda mlima, usizidi kula kwa hofu. Omba kliniki ipitie upya dozi yako.

Kiu kali, kutapika, kuhema kwa kasi au pumzi yenye harufu kama ya matunda humpeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Hata akiwa hajala, insulini isiachwe njiani.