Trela Nzito, Pikapu na Magurudumu ya Mbele

Watu wengi wanaovuta trela nzito hukagua nyuma tu: tairi, minyororo, taa. Mimi huanza mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, na ndiyo yanayopokonywa uzito trela inapokaa kwenye tufe la chuma nyuma ya gari. Kiunganishi cha kugawa uzito kimetengenezwa ili kuurudisha. Hapa Texas ninavuta mashine ya kusawazisha viwanja, na hivi ndivyo ninavyokifunga.

Kinavyofanya kazi

Trela inayovutwa kwa tufe inatakiwa kulikandamiza kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Ikipungua hapo, trela huanza kuyumba ukishika mwendo. Yangu ikiwa na mzigo ina paundi 8,000, yaani kama kilo 3,600, na shingo yake inakandamiza karibu paundi 960. Tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mkia wa pikapu unadidimia na pua inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinapungukiwa na mshiko, na usiku taa zinawapiga machoni wanaokuja.

Kiunganishi hiki kina mikono miwili ya springi inayolala chini ya chasisi ya trela. Ukiikaza, inafanya kama mtu anayeinua mipini ya toroli: uzito unaondoka kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu, mwingine unakwenda ekseli ya mbele na mwingine kwenye ekseli za trela.

Kabla ya kufunga

Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kiunganishi hakiongezi hata paundi moja ya uwezo wa gari. Uzito wa shingo, abiria na vifaa vyote vilivyo kwenye bodi huhesabiwa pamoja.

Kisha soma kibandiko cha tundu la kuvutia. Mara nyingi utakuta namba mbili, kwa mfano paundi 5,000 bila kugawa uzito na 10,000 ukigawa. Chagua mikono ya springi inayolingana na uzito wa shingo ya trela yako. Iliyo dhaifu haitafikisha uzito mbele, na iliyo migumu mno huipa trela na gari mtikisiko usio na sababu. Kama breki za trela yako hufanya kazi kwa kusukumwa pale pikapu inapopunguza mwendo, hakikisha kwanza na mtengenezaji, kwani si kila kiunganishi kinapatana nazo.

Panga mzigo ili takriban asilimia 60 iwe mbele ya ekseli za trela. Mzigo uliopangwa vibaya hauponywi na kiunganishi chochote.

Tepu ndiyo inayosema

Egesha mahali tambarare, trela ikiwa na mzigo wa safari. Pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, tepu ikipita katikati ya gurudumu. Tuseme pikapu peke yake inasoma inchi 37. Ishushie trela kwenye tufe bila kukaza springi, kisha pima tena: 38 na nusu. Pua imepanda inchi moja na nusu.

Sasa funga kikombe cha trela kwenye tufe, halafu tumia jeki ya trela kuinua shingo pamoja na mkia wa pikapu. Hapo mikono ya springi inaingia mahali pake bila kupigana nayo. Kaa kando ya njia yake, kwa sababu springi iliyokazwa ikiponyoka inavunja mfupa. Shusha jeki, pima mara ya tatu.

Mwongozo wa gari lako ndio wenye neno la mwisho. Ukisema urudishe nusu ya kilichopanda, unatafuta inchi 37 na robo tatu. Ukiwa bado juu, punguza pingili za mnyororo unaoshikilia mikono ya springi au ongeza mwinamo wa kichwa cha kiunganishi. Ukishuka chini ya 37, umekaza kupita kiasi: magurudumu ya nyuma yamepungukiwa na uzito, na kwenye lami yenye maji yanaweza kuteleza. Mwisho, simama kando uitazame trela. Inatakiwa ilale sawa.

Thibitisha kwenye mizani

Kwenye vituo vya malori vya Marekani kuna mizani za CAT Scale, ambazo hupima kila kundi la ekseli peke yake. Pima pikapu peke yake, pima na trela springi zikiwa zimelegea, kisha zikiwa zimekazwa. Utaona kwa namba ni uzito kiasi gani umerudi mbele, na kama ekseli ya nyuma iko ndani ya kikomo chake.

Barabarani

Pitisha minyororo ya usalama kimkasi chini ya shingo. Kama una kizuia myumbo cha msuguano, kitoe kabla ya kurudi nyuma. Trela ikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na tumia breki za trela peke yake kwa kidhibiti cha mkono. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu.

Andika vipimo vyako vitatu pamoja na idadi ya pingili, uviweke ndani ya gari. Ukibadilisha mzigo, vipimo hivyo havina kazi tena: toa tepu, anza upya. Ni robo saa tu, na barabara ile unaigawana na familia za watu.