Darsa la Ramadhani, Siku ya 17: Paka Anayevizia Miguu ya Wenye Nyumba



Ndugu zangu, mama zangu na vijana wetu, tumshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 17. Darsa la leo limetokana na swali la mama mmoja wa humu. Ana paka dume wa miaka 3. Wanakaa fleti ghorofa ya tatu, kwa hiyo paka hatoki nje. Kila wakati wa daku, mama akipita kwenda jikoni, paka anachomoka chini ya kochi, anamrukia miguuni, anauma na kuparura. Juzi kamparura mtoto wa miaka 4. Baba mwenye nyumba ameapa: akirudia tena, anatiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni. Mama anauliza: "Shehe, tufanyeje? Na kumtupa kuna dhambi?"

Najibu mbele ya wote, maana wenye swali hili ni wengi, ila wanaona haya kuuliza habari za paka mwezi kama huu.

*Kwanza tujue anafanya nini.* Paka ni mwindaji. Allah kamuumba hivyo, na saa zake za kuwinda ni alfajiri na jioni. Mchana analala, tena sana. Sasa paka wa ndani hana panya wala mjusi wa kufukuza. Anachokiona kikitembea nyumbani ni visigino vyenu na pindo la kanzu. Basi anawinda hicho.

Mtamjuaje kuwa anacheza na si kwamba ana hasira? Anayecheza huwa kimya. Anajibanza, anainama chini, mboni za macho zinapanuka, mkia unachezacheza, anatikisa makalio, kisha anaruka. Mwenye hasira au hofu utamsikia: ananguruma, anatoa ile sauti ya "hsss", masikio anayalaza na manyoya yanasimama. Huyo wa pili mwache kabisa, usimfuate. Na paka aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maumivu, na hana mdomo wa kusema.

*Pili, nani kamfundisha?* Mara nyingi ni sisi. Akiwa mdogo tulimchezesha kwa vidole, akituuma tukacheka. Meno yalikuwa madogo. Leo kakua, mchezo ni uleule, meno si yale. Na paka aliyetengwa mapema na mama yake na ndugu zake hukosa somo kubwa, maana wao kwa wao ndio hufundishana kuuma polepole. Akizidisha, mwenzake analia na kuacha mchezo.

*Tatu, dawa yake.*

1. Mkono na mguu si vitu vya kuchezea. Iwe kanuni ya nyumba nzima, na watoto wafundishwe. Mmoja akikataza na mwingine akaruhusu, paka hatajifunza.

2. Mpe cha kuwinda. Chukua kijiti, funga kamba, mwisho wa kamba funga kitambaa. Kiburute chini kama panya anayekimbia, kifiche nyuma ya mlango, kitokeze. Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Ramadhani hii saa nzuri ni kabla ya daku, na jioni kabla futari haijatengwa. Mwisho mwache akikamate, kisha mpe chakula chake. Kawinda, kashika, kala, sasa atalala. Ukimaliza ficha kamba, maana akiimeza inaweza kumuua.

3. Akikushika mguu, simama tuli. Usivute wala usikimbie, kwa sababu anayekimbia ndiye windo. Akiachia, ondoka bila neno, na mchezo umeisha. Atajua kwamba akiuma, starehe inakatika.

4. Usimpige wala usimpigie kelele. Kipigo hakimfundishi kitu ila kukuogopa, na paka mwenye hofu huuma kwa kweli, si kwa mchezo.

5. Mtengenezee mahali pake. Funga gunia la katani kwenye mguu wa meza aparure hapo. Mpe boksi tupu la kujificha na sehemu ya juu ya kukaa. Kucha zake zikatwe ncha tu. Pale penye wekundu pana mshipa wa damu, usipaguse.

Na hili msilipuuze: mtu akiumwa au kuparurwa mpaka damu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni hospitali. Paka naye hupata kichaa cha mbwa, na meno yake huingiza uchafu ndani ya nyama. Msiseme "ni kidogo tu."

*Sasa dhambi iko wapi?* Mnaijua hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Mzingatie hayo mawili. Paka aliyekulia ghorofani hajui kujitafutia. Ukimbwaga sokoni, katikati ya mbwa na pikipiki, usijidanganye kuwa umemwachia huru. Mmeshindwa kweli? Mtafutieni nyumba nyingine yenye mtu wa kumtunza, hilo ni jema. Lakini kwanza jaribuni haya kwa wiki chache, maana tabia ya miaka haiondoki kwa siku mbili.

Tena tumkumbuke Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akanywa. Kabsha, mke wa mwanawe, akashangaa. Akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa paka si najisi, naye ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Sasa anayekuzunguka ana haki kwako, na haki hiyo si mabaki ya samaki peke yake. Kumfungia kiumbe ndani, ukamnyima hata kile alichoumbiwa kukifanya, kisha ukamwita mkorofi, hapo umemdhulumu.

Na baba zangu, tumefunga. Tumefundishwa kuwa mtu akitutukana tumwambie tumefunga. Huyo ni mtu mwenye akili. Itakuwaje kwa mnyama asiyejua kama leo ni Ramadhani? Saumu isiyozuia teke kwa paka, tuitazame upya. Tena paka hafungi. Mchana tukiwa tumelala, sahani yake ya maji isiwe kavu.

*Kazi ya leo:* mwenye paka achukue kijiti na kamba, amchezeshe dakika 10 kabla ya daku. Asiye na paka aweke chombo cha maji nje kwa ajili ya viumbe wa mtaani.

Ee Allah, tupe huruma kwa tulio na mamlaka juu yao, wanaosema na wasiosema, na utukubalie saumu zetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mtumie na mwenzako mwenye paka.