Bakshishi saluni: mpe aliyekushika kichwa

Katika saluni nyingi za Dar es Salaam msusi hana mshahara. Analipwa asilimia ya kazi aliyofanya. Siku isiyo na wateja anarudi nyumbani mikono mitupu, ndiyo maana hata hela ya soda ina uzito kwake.

• Si lazima, wala hakuna kiwango. Shilingi 1,000 au 2,000 baada ya kuosha na kuseti zinatosha. Rasta ndogondogo zilizokula siku nzima zinastahili zaidi.

• Mpe mkononi. Ukiichanganya na malipo ya kaunta au ukaituma kwenye namba ya saluni, huenda isimfikie. Muombe namba yake mwenyewe.

• Umesukwa na watu watatu? Andaa noti ndogo, kila mmoja apate yake. Na tafadhali, usimsahau binti anayeosha nywele na kufagia. Mara nyingi bado anajifunza kazi, hana asilimia yoyote.

• Hujaridhika? Sema kabla hujanyanyuka kitini. Kumnyima kimya kimya hakumwelezi alipokosea.

• Huna cha ziada? Mpelekee mteja mwingine, na mwambie huyo mteja amuulizie kwa jina.