Kasri la Al-Hamra na swali la mwanafunzi wangu



Ndugu msomaji, kwa miaka tisa sasa ninafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila ninapofika kwenye historia ya Waislamu wa Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania na Ureno, nakiri kwamba huwa napandisha sauti. Nawaeleza vijana juu ya maktaba za Cordoba, hamamu, taa za barabarani na matabibu, na jinsi Ulaya ilivyokuwa gizani wakati huo. Vijana hufurahi, nami hufurahi zaidi yao.

Mwaka mmoja kijana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, kama wao ndio waliokuwa na vitabu, hospitali na majeshi, walishindwaje na watu ambao umesema walikuwa hata hawaogi?" Darasa zima likacheka. Nilimjibu kwa sentensi moja tu, kwamba waliiacha dini yao. Akauliza tena waliiacha lini, na kwa namna gani. Nikamwambia akae chini kwa kuwa kengele imekaribia. Kusema kweli kengele haikuwa imekaribia.

Swali lile nililikuta tena mahali ambapo sikutarajia. Desemba moja shule zilipofungwa, binamu yangu anayefanya kazi Uingereza alinialika tukutane naye Hispania, gharama zote juu yake. Tukaenda Granada, ambao Waislamu waliuita Gharnata, kulitembelea kasri la Al-Hamra. Tiketi za ziara za vikundi zilikuwa zimekwisha, hivyo binamu akamkodi mwongoza wageni wa kututembeza sisi wawili peke yetu. Bei yake sitaitaja, maana mshahara wa mwalimu unajulikana.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, Mhispania, aliyejifunza Kiarabu chuo kikuu. Alitukuta getini saa tatu asubuhi, baridi kali, huku milima ya Sierra Nevada nyuma yetu ikiwa meupe kwa theluji. Tiketi huandikwa jina na hukaguliwa pamoja na pasipoti, na kuingia katika majumba ya wafalme kuna muda wake maalumu. Ukichelewa umepoteza. Tulipokuwa tukisubiri zamu yetu alituonyesha mfereji unaoleta maji kutoka mto Darro, umbali wa kilometa 6 hivi, ambao ndio uhai wa ngome nzima. Kwa Kihispania mfereji huo unaitwa acequia, kutokana na neno la Kiarabu as-saqiya. Hapo tukaanza mchezo wa maneno. Yeye akitaja azúcar, mimi najibu sukari. Akitaja aceituna, najibu zeituni. Akitaja alcalde, yaani meya wa mji, najibu kadhi. Alipotaja alcázar nikamwambia sisi tunasema kasri. Alistaajabu, nami nikajiona nipo nyumbani kabisa.

Hali hiyo ya kujiona nyumbani haikudumu.

Chumba cha kwanza tulichoingia kinaitwa Mexuar. Ni neno letu la mashwara, kwani hapo ndipo watawala walipokaa na washauri wao na kusikiliza mashauri ya watu. Kwenye vigae vya ukutani, katikati ya nakshi za Kiislamu, imewekwa nembo ya Mfalme Charles V wa Hispania. Mwishoni mwa chumba kuna msala mdogo wenye mihrabu, na madirisha yake yanatazama mtaa wa zamani wa Waislamu uitwao Albaicín. Kando ya mihrabu ile mama yule aliniambia: "Wewe ni mwalimu wa dini, basi nisomee ukuta huu."

Niliposoma maneno yaliyokuwa kwa khati ya Naskhi sikupata taabu: Wala ghaliba illa Allah. Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yamerudiwa katika kasri lile mamia ya mara, juu ya milango, kwenye nguzo, pembeni mwa madirisha, mpaka macho yanachoka. Ndiyo yaliyokuwa kaulimbiu ya ukoo wa Banu Nasr uliotawala Granada. Lakini akanionyesha mstari mwingine, khati ya Kikufi iliyosukwa kama mkeka, herufi zikipanda na kushuka ndani ya maua. Nilikodoa macho. Binamu naye ananitazama, ananiita "Ustadh" kwa sauti ya kunitania. Nikashindwa. Mama yule, ambaye si Muislamu, akaweka kidole hewani bila kugusa ukuta akanisomea neno baada ya neno, kisha akasema kwa upole kwamba wageni wengi Waarabu nao hushindwa. Nilimshukuru, ingawa maneno yake hayakunifariji.

Nikamwuliza kaulimbiu ile ilianzaje. Nilitarajia kusikia habari ya ushindi. Alituketisha kwenye benchi la mawe, kando ya bwawa lililozungukwa na mihadasi, akatusimulia.

Mwanzilishi wa dola ya Granada ni Muhammad ibn Yusuf, maarufu kama Ibn al-Ahmar. Aliingia mjini mwaka 1238 na ndiye aliyeanza kujenga juu ya kilima kile. Wakati huo Andalusia ilikuwa inabomoka. Cordoba ilikuwa imekwishaanguka mwaka 1236. Mwaka 1246 Ibn al-Ahmar aliusalimisha mji wa Jaén kwa Mfalme Ferdinand III wa Castile, akakubali kuwa chini yake na kumlipa kodi kila mwaka. Kisha Ferdinand alipoizingira Sevilla, yaani Ishbiliya, mji mkubwa wa Waislamu, Ibn al-Ahmar alipeleka wapanda farasi wake. Hakuwapeleka kuwanusuru Waislamu waliozingirwa. Aliwapeleka upande wa Ferdinand. Sevilla ikaanguka mwaka 1248.

Sasa masimulizi yanasema kwamba aliporejea Granada watu walitoka kumlaki wakipaza sauti wakimwita mshindi, al-Ghalib. Naye, kwa huzuni, akajibu: Wala ghaliba illa Allah.

Ndugu msomaji, ofisini kwetu shuleni kuna kalenda ya ukutani yenye maneno hayohayo kwa wino wa dhahabu. Nimeyatazama miaka mingi nikidhani ni kelele ya furaha ya jeshi lililoshinda. Kama masimulizi yale ni ya kweli, basi ni maneno ya mtu aliyetoka kuwasaidia wengine kuuteka mji wa ndugu zake. Kama si ya kweli, msaada wenyewe kwa Ferdinand umethibiti katika historia, na maneno ukutani yapo. Nilikaa pale nikiyatazama upya.

Binamu yangu alimtetea. Alisema mtawala yule hakuwa na jinsi, kwamba bila mkataba ule Granada nayo ingeanguka mapema, na kwamba kwa mkataba ule Uislamu ulibaki pale kwa zaidi ya miaka 240. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuikataa. Lakini ukiifuatilia historia ya kasri lenyewe utaona dawa ile iligeuka kuwa chakula cha kila siku.

Tuliingia katika ukumbi wa mabalozi uliojengwa na Yusuf wa Kwanza. Dari lake ni la mbao, vipande 8,017 vilivyounganishwa kuwa nyota, na linawakilisha mbingu saba. Chini ya dari pameandikwa Suratul-Mulk kuuzunguka ukumbi, ili mfalme aliyekaa kwenye kiti chake awe chini ya sura inayoanza kwa kumkumbusha kwamba ufalme si wake. Yusuf huyu ndiye aliyejenga madrasa ya Granada mwaka 1349. Mwaka 1354 aliuawa akiwa katika swala ya Idd.

Mwanawe Muhammad wa Tano akatawala miaka mitano, akapinduliwa na ndugu yake wa baba mmoja. Ndugu huyo naye akauawa kabla ya mwaka kupita, na aliyemuua akauawa na Mfalme Pedro wa Castile mwaka 1362. Muhammad akarudi kwenye kiti chake kwa msaada wa Pedro huyohuyo. Mwishoni mwa mwaka ule alifika Granada kijana mmoja msomi, Ibn Khaldun, na mwaka 1364 mfalme akamtuma kama balozi kwa Pedro mjini Sevilla, mji ambao wazee wake walikuwa na mali. Pedro akamwahidi kumrejeshea mali hizo kama atabaki kumtumikia. Akakataa. Yaliyoandikwa baadaye na Ibn Khaldun juu ya namna dola zinavyozaliwa, kuzeeka na kufa, tunayasoma vyuo vikuu, mimi niliyafanyia hata mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba aliwahi kutembea katika vyumba hivi na kuyaona hayo kwa macho yake.

Ua maarufu wa simba 12 wa marumaru ulijengwa na huyo Muhammad wa Tano baada ya kurudi. Sitaueleza sana, picha zake zimejaa kila mahali, na zote hazifikii. Ninachotaka kueleza ni shairi lililochongwa kwenye ukingo wa birika lile. Mtunzi wake ni Ibn Zamrak, waziri. Aliyemfundisha na kumpandisha cheo ni Ibn al-Khatib, mwanachuoni, tabibu na mwanahistoria, waziri kabla yake. Mwaka 1371 Ibn al-Khatib alikimbilia Morocco kwa kuhofia fitina za kasri. Akashitakiwa kuwa amepotoka katika dini, na mwanafunzi wake Ibn Zamrak akasafiri mpaka Fez kuhakikisha kesi inakwenda. Mwaka 1374 mzee yule alinyongwa gerezani. Mwanafunzi akabaki na cheo, na mashairi yake yakabaki ukutani hadi leo. Mimi ni mwalimu, nisameheni kama nilisimama mbele ya birika lile muda mrefu kuliko watalii wengine.

Katika chumba kando ya ua huo kuna doa jekundu kwenye chemchemi ya sakafuni. Watu husimuliwa kwamba ni damu ya ukoo wa Banu Sarraj waliochinjwa hapo. Mwongozaji wetu alicheka, akasema ni kutu tu. Nilimpenda kwa hilo, maana angeweza kutuuzia damu.

Ya mwisho tunayajua kidogo kidogo. Mwaka 1482 Abu Abdillah alimwasi baba yake. Mwaka uliofuata akatekwa na Wakristo, wakamwachia kwa mkataba ili arudi kuendeleza vita vya nyumbani. Mwaka 1487 baba yake mdogo, Az-Zaghal, alitoka Granada kwenda kuunusuru mji wa Vélez-Málaga, na nyuma yake mpwa akauchukua mji mzima. Mwaka huohuo Malaga ikazingirwa, Granada haikutoa msaada, na watu wa Malaga wakafanywa watumwa. Tarehe 2 Januari 1492 ikawa zamu ya Abu Abdillah kukabidhi funguo. Mkataba uliotiwa saini Novemba 1491 uliahidi misikiti, makadhi na sheria za Waislamu viachwe. Haikutimia miaka 10. Kuanzia 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kubatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto katika uwanja wa Bib-Rambla, vikaachwa vya tiba. Kati ya 1609 na 1614 wajukuu wa waliobatizwa nao wakafukuzwa nchini. Dhulma hiyo nimeifundisha sana, na nitaendelea kuifundisha kwa kuwa ni kweli. Niliyokuwa siyafundishi ni yale yaliyoitangulia, miaka 250 ya ndugu kumkimbilia adui ili amsaidie dhidi ya ndugu.

Na tuwe wakweli pia kwamba jibu langu la "waliiacha dini" lina kasoro. Watu hawa waliandika Qur'an mpaka darini. Walijenga madrasa, walisimamisha swala ya Idd, na wakauana humohumo ndani ya swala.

Alasiri tulivuka bonde tukapanda Albaicín. Kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, bustani yake ikitazamana na Al-Hamra. Muadhini aliadhini kwa sauti yake mwenyewe bila kipaza sauti, na watalii waliokuwa wakipiga picha uwanjani wakanyamaza. Tulisali Alasiri tukiwa safu moja na Wahispania, Wamorocco na Msenegali mmoja. Baada ya swala binamu aliniuliza nitawaambia nini wanafunzi. Sikumjibu.

Muhula ulipofunguliwa Januari nilimtafuta yule kijana. Alikwishamaliza kidato cha nne, namba ya simu niliyopewa na mwenzake haipatikani. Basi nililiandika swali lake ubaoni, kama alivyoliuliza, pamoja na lile la kuoga, nikawaambia kidato cha tatu wa sasa kwamba mwalimu wao alilikimbia. Kisha nikawasimulia Sevilla. Tulitumia vipindi viwili, na hatujamaliza. Binti mmoja anayekaa dawati la mbele alitaka kujua kama wale wapanda farasi wa Granada walisali na Waislamu wa Sevilla baada ya mji kuanguka, au walirudi kwao kimya kimya. Nimemwambia tutafute wote.