SOMO: TUSIMKALISHE MZEE

Masomo ya kusoma: 1 Wafalme 19:4-8; 1 Timotheo 4:8



Hapa Basoko tunaheshimu wazee. Baba akiota mvi, watoto wanamwambia: "Baba, kaa, sisi tutalima." Wanamwondolea kasia na jembe, wanamwekea kiti mbele ya nyumba. Ni heshima. Lakini tumeona wazee waliokuwa wakivuka Aruwimi kwa mtumbwi, na baada ya kukaa tu kitini wameshindwa hata kufika kanisani. Mwili usiotumiwa unapoteza nguvu. Miguu inalegea, mzee anaanguka, mfupa unavunjika.

1. Mawazo ni mzigo wa mwili pia

Wazee wetu wamepita mengi: vita ya Wasimba ya 1964, vita ya 1996 na 1997, na zile siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Mtu akikaa peke yake, mambo hayo yanarudi. Moyo unaenda mbio, usingizi unapotea, tansiyo inapanda. Na tansiyo haipigi hodi: mtu anaweza kuwa na 14 kwa 9, au zaidi, bila kusikia maumivu yoyote.

2. Eliya chini ya mti

Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, mara mbili. Kisha Eliya akasimama, akatembea. Usingizi, chakula, mwendo. Paulo naye hakusema mazoezi ya mwili ni bure. Alisema yana faida yake, ingawa utauwa unayapita.

3. Tufanye nini?

Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2020 angalau dakika 150 za mwendo kwa juma: nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa kufaa ni ule ambao unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Kulima bustani na kufagia kiwanja vinahesabiwa pia. Siku ya salongo, mzee apewe kazi ya kadiri yake, asiachwe nyumbani. Wenye miaka 65 na zaidi wazoeze pia miguu kusimama imara, siku tatu kwa juma. Tupunguze chumvi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, pumzika na uende kwa muuguzi. Na anayemeza dawa za tansiyo asiziache kwa sababu ameombewa. Maombi hayagombani na dawa.

Maswali ya kujibu nyumbani

a) Katika nyumba yetu, ni nani tumemkalisha?
b) Nani atatembea naye kesho asubuhi, na kumsikiliza?

Wapendwa, tusimnyime mzee kiti. Lakini tumpe pia mkono, ainuke, twende naye. Mungu awabariki.