Ucheshi na Kukubalika: Dubu Anayeitwa Paddington

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu ucheshi katika hadithi ya watoto, mara nyingi huorodhesha vituko: dubu alijipaka jemu, dubu alifurisha bafu, dubu alisimamisha ngazi za umeme. Huo ni muhtasari tu, wala si uchambuzi. Jiulize kila kituko kinafichua nini kuhusu mgeni na wenyeji wake. Kitabu cha Michael Bond, A Bear Called Paddington, kilichotoka Uingereza mwaka wa 1958, kinafaa sana kwa zoezi hili.

Kumbuka msuko kwa ufupi. Dubu mdogo anasafiri kutoka Peru akiwa amejificha katika mashua ya kuokolea watu melini, akila mamaledi, yaani jemu ya machungwa. Shangazi Lucy aliyemlea amehamia makao ya dubu wazee mjini Lima. Familia ya Brown inamkuta peke yake katika stesheni ya Paddington, London, akiwa na kadi shingoni inayomwomba atakayemwona amtunze.

Kadi hiyo usiipite haraka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watoto wa London walihamishwa kwa treni hadi mashambani ili waepuke mabomu, wakiwa wamefungwa kadi za majina. Bond aliwakumbuka watoto hao alipomuumba Paddington. Isitoshe, mwaka huo wa 1958, wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walishambuliwa na magenge ya vijana wa Kizungu huko Notting Hill, mtaa wenye barabara ya Portobello anakopenda kwenda Paddington. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kabla ya ghasia hizo, kwa hivyo usidai kwamba kinazisimulia. Unaweza kusema tu kwamba swali la nani anakaribishwa London lilikuwa hai. (Katika rasimu ya kwanza dubu huyu alitoka Afrika! Wakala wa mwandishi ndiye aliyemwambia kwamba Afrika haina dubu.)

Sasa tazama mpangilio wa matukio katika sura ya kwanza. Bw. Brown anasita; Bi. Brown anaamua kwamba dubu atakaa nao. Ni baada ya uamuzi huo ndipo dubu anapoharibu mambo mkahawani, akapanda mezani na kujipaka jemu na krimu mwili mzima. Dereva wa teksi anadai dubu hulipiwa zaidi, na dubu anayenata hulipiwa maradufu. Tunacheka, lakini mwandishi amekwisha kutuonyesha kwamba Paddington hakukubaliwa kwa sababu ya adabu zake wala usafi wake. Alikubaliwa kwanza. Hoja hii wanafunzi wengi huikosa, wakaandika kwamba dubu "alijirekebisha akapendwa". Hakujirekebisha.

Tukio la bafu ndilo lenye utajiri zaidi. Paddington hajawahi kuoga katika hodhi la namna ile. Anafungua mifereji, anachukua povu la kunyolea la Bw. Brown na kuanza kuchora sakafuni. Maji yanafurika, anashindwa kutoka, anayachota kwa kofia yake mpaka watoto, Jonathan na Judy, wanapomwokoa. Mtahini angependa uone alichokuwa akichora: ramani ya Amerika Kusini. Usiku wa kwanza ugenini, mtoto asiye na wazazi anachora kwao kwenye sakafu ya watu. Bond hatumii hata neno moja la huzuni hapo. Ucheshi ndio unaoibeba.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paddington hangoji apewe. Anafuta mchoro wa Bw. Brown akidhani chini yake kuna kazi ya msanii mkuu wa zamani, kisha anapaka rangi upya kwa hofu. Kwa kinaya, mchoro huo unashinda tuzo, na Bw. Brown anapeleka fedha hizo kwa makao ya dubu wazee Amerika Kusini. Familia imemkubali pamoja na jamaa zake.

Lakini usiwasifu akina Brown kupita kiasi. Paddington ana jina la Kiperu. Kwa kuwa hakuna anayelielewa, anapewa jina la stesheni. Je, huko ni kukubaliwa au kufutwa? Ukilitetea jibu lako kwa mifano, upande wowote unakubalika. Linganisha pia Bw. Gruber, muuza vitu vya kale, naye mhamiaji, anayempa Paddington kakao na skonzi huku akizungumza naye kuhusu Amerika Kusini. Kwa Gruber, dubu haombwi kuisahau Peru. Bw. Curry, jirani, ni mwenyeji kamili lakini ndiye asiye na haya: anajialika kwenye sherehe ya dubu.

Mazoezi

1. "Ucheshi ni pazia la upweke." Thibitisha kwa kurejelea matukio manne. (alama 12)

2. Fafanua nafasi ya Bw. Gruber na Bw. Curry katika kuendeleza maudhui ya kukubalika. (alama 8)

Katika swali la pili, usiandike sifa za wahusika pekee. Neno "nafasi" linadai ueleze kila mmoja anamfanyia nini Paddington.